Pampu Iliyokuwa Inalala Ofisini

Juzi nilipita kwenye gereji moja hapa Musoma, nikakuta mmelizunguka lori la zamani kama watu waliofika msibani na hawajui marehemu ni nani. Linatoa moshi mweusi, linakohoa, na mmoja wenu ameshafungua nozeli zote amezitupa kwenye karai. Nikauliza, "Taimingi mmeangalia?" Mkacheka. Yule mwenye kofia aliyoigeuza nyuma akanijibu, "Babu, siku hizi hatuhangaikagi na hayo. Tunabadilisha tu." Mnabadilisha! Mtu anaumwa tumbo, nyie mnamng'oa meno. Nilirudi nyumbani nimevimba mpaka mke wangu akaniuliza nani kanitukana.

Basi naandika. Wa kusoma asome, wa kufungia vitumbua afungie. Naitwa Bwire, mtu wa Majita, na pampu za dizeli nimezifanya tangu nikiwa na nywele. Nimestaafu kwa sababu mgongo umekataa kuinama. Mdomo haujakataa kitu.

Pampu ya dizeli kazi yake ni kupeleka mafuta kwenye silinda kwa saa yake, hiyo ndiyo taimingi. Si mapema, si baadaye. Ikiwahi, injini inagonga kama mtu anayevunja mawe ndani ya pipa, na asubuhi inagoma kuwaka. Ikichelewa, inakuwa mvivu: mlima haipandi, maji yanachemka, moshi mweusi unafunika nyumba za watu, na mafuta inakunywa kama mtu aliyeolewa kwenye kiwanda cha pombe. Hapo nozeli haina kosa. Pistoni haina kosa. Na dereva hana kosa, hilo mlishike, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Aliyenifundisha alikuwa fundi Yusto, na fundi Yusto alikuwa kiziwi. Alifanya kazi pembeni ya jenereta la misheni miaka mingi hadi masikio yakafa. Mnajiuliza kiziwi anasikiaje injini? Alikuwa na bisibisi ndefu. Ncha anaiweka kwenye injini, mpini anaung'ata kwa meno, anafumba macho. Anatulia hivyo, mate yanamtoka, halafu anafumbua na kupiga kelele, kwa sababu viziwi hawajui sauti yao ni kubwa: "IMEWAHI!" Soko zima linajua lori la nani limewahi. Wenye malori waliona aibu kweli, walikuwaga wanamuomba aandike chini badala ya kusema.

Kitu alichonipigia kelele ni kimoja tu, alama. Kabla hujalegeza nati ya pampu, kwaruza mstari, nusu kwenye pampu na nusu kwenye injini, ili ukirudisha ujue ilikuwa wapi. Zile tundu za nati za pampu ni ndefu, zimepinda kama punje ya maharage, na pampu inaweza kuzunguka humo kwenda kwa injini au kutoka. Unene wa ukucha tu, lori linakuwa lingine. Ukigusa spana bila kukwaruza, Yusto anakuchapa na tambara lenye grisi, usoni. Nimekula grisi nyingi.

Baadaye zikaja siku za ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Malori ya mitumba yakamwagika, spea zikajaa mpaka kwenye vibanda vya kuuzia dagaa, na kila aliyeuza mifugo akawa tajiri wa usafirishaji. Mmoja wa Bunda aliniletea lori lake nikalipanga taimingi vizuri, likatulia, moshi ukapotea. Jamaa akalizunguka, uso umekunjamana. "Fundi, mbona moshi hamna? Watu watajuaje kwamba nimepita?" Nikamwambia moshi ni mafuta yake yanaondoka hayajafanya kazi. Akaniona mshamba. Akaenda kwa fundi mwingine, akazungushiwa skrubu ya pampu mafuta yazidi, akatoka anafuka hadi kuku wanakimbia. Alikwenda hivyo mpaka pistoni ikatoboka mlimani akiwa na mzigo. Mimi sikumcheka. Nilimcheka nyumbani.

Lakini hao wa ruksa waliharibu vya kwao. Kabla yao kulikuwa na wakati wa kukosa, na wakati wa kukosa watu waliharibu kwa kikao. Ngoja niwape ya Mugeta.

Miaka ile dukani unakuta rafu na muuzaji, basi. Sabuni hamna, sukari hamna, dizeli kwa kibali, na kibali kwa kujuana. Na ndiyo siku zile za kukamata wahujumu uchumi. Mtu akionekana na sabuni ya ziada, majirani wanamtazama mara mbili. Kijiji kimoja upande wa Mugeta kilikuwa na lori lake, la kubebea pamba kupeleka kiwandani Bunda. Dereva aliitwa Magesa, mtu mrefu, mpole, aliyezungumza na lori kuliko alivyozungumza na watu. Huyo ndiye waliyemfanya mhujumu wao: wakasema anauza dizeli njiani.

Ushahidi wao ulikuwa rahisi. Zamani tanki moja lilipeleka pamba Bunda na kurudi, na mafuta yakabaki. Msimu ule tanki lile lile linakwisha njiani. Kwa hiyo Magesa ni mwizi. Wakamfungia kwenye ofisi ya kijiji, mgambo mlangoni, asubiri lori lipate mafuta limpeleke polisi Bunda. Mnaona akili hiyo? Wamemfungia dereva, halafu wanasubiri lori limpeleke.

Mimi waliniita kutoka Musoma. Nikafika nimejaa vumbi, na mfuko wangu wa spana begani, nikampa Mwenyekiti wa kijiji shikamoo yake. Alikuwa mtu wa suti ya mikono mifupi, kalamu mfukoni, sauti ya mkutano hata akiomba maji.

"Karibu, fundi. Kwanza ujue hatukukuita utengeneze. Tumekuita uthibitishe."

"Nithibitishe nini, Ndugu Mwenyekiti?"

"Kwamba lori ni zima. Likiwa zima, mafuta yameibiwa."

"Na likiwa si zima?"

Akafikiri. "Ni zima," akasema.

Nikaomba kuliona. Nikafungua boneti, nikachungulia, nikachungulia tena, nikahisi nimezeeka ghafla. Mahali pa pampu pana shimo, limezibwa na tambara. Pampu haipo!

"Ndugu Mwenyekiti, lori halina pampu."

"Iko ofisini," akasema, na kifua kikatoka mbele. "Hilo ni azimio letu."

Akanieleza. Kijiji cha jirani waliibiwa pampu, na pampu nyingine hata Mwanza haikupatikana, lori lao likawa banda la mbuzi. Kamati ikakaa. Mwenyekiti akatoa wazo, likapita kwa makofi: kila jioni dereva akishaenda kwake, mgambo anafungua pampu, inalala ofisini, na alfajiri anairudisha. Mgambo mwenyewe, Chacha, alinionyesha kwa fahari. Alikuwa mwepesi jamani, angeweza kufungua pampu mtu bado anasalimiana. Hakuwahi kufundishwa gereji, alijifunzia hapo hapo.

Wakanipeleka ofisini kuiona. Pampu imelazwa mezani, imefunikwa blanketi jipya. Blanketi! Nchi nzima watu wanalala chini ya magunia. Na chini ya hiyo meza, sakafuni, amekaa Magesa, hana hata mkeka. Mtuhumiwa na pampu walikuwa wanalala chumba kimoja, na aliyeheshimiwa ni pampu.

"Chacha," nikasema, "ukiirudisha asubuhi, unafuata alama gani?"

"Alama ipi, fundi? Mimi nazungusha mpaka spana inapoingia vizuri, nakaza."

Na spana ilikuwa inaingia vizuri upande mmoja tu, upande wa nje, mwisho kabisa wa tundu. Yaani upande wa kuchelewa. Kila alfajiri, kwa azimio la kamati, lori linacheleweshwa. Nikamtazama Magesa. Akasema polepole, "Niliwaambia, fundi. Waliniambia hizo ni lugha za wahujumu."

Nje, kwenye gogo, alikuwa amekaa mzee Kisiri, baba mkwe wa Magesa, fimbo mapajani. Akaniita. "Mwanangu, wewe unajua vyuma, mimi sijui. Nijibu moja. Ameiba?"

"Hapana, mzee."

"Basi uwaonyeshe. Sisi hatuozeshi kwa wezi. Akipandishwa juu ya pamba amefungwa kamba, watu wakaona, binti yangu narudi naye siku hiyo hiyo, na ng'ombe wake wa mahari nawarudisha." Mke wa Magesa, Nyangeta, alisimama nyuma yake na bakuli la uji alilomletea mumewe.  Alikuwa amelishika lile bakuli mpaka uji umeganda, na mimi moyo ukaniuma, nasema wazi.

Nikafanya kazi, kamati yote imenizunguka. Hapa vijana sogeeni. Unaifunga pampu, nati unaziacha mkono tu. Unazungusha injini mpaka silinda ya kwanza iwe inabana, valvu zote mbili zimefunga, na alama ya kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, inakaribia mshale. Kwenye pampu, tundu la silinda ya kwanza, unatoa valvu na springi yake ndogo, msiipoteze, halafu unafunga kipaipu kilichopinda shingo. Ukipeleka mafuta kwa pampu ya mkono yanatiririka pale kwenye kipaipu. Sasa unamwambia mwenzako azungushe injini taratibu, taratibu kabisa. Mtiririko unapungua, unakuwa matone, matone yanaachana, mpaka linakuja tone linaloning'inia, halidondoki. Simama hapo! Hapo ndipo pampu inaanza kusukuma. Ukitazama flaiwili, alama ikiwa imeshaupita mshale, pampu imechelewa.

Na ilikuwa imeupita mbali. Nikawaonyesha. Nikarudisha injini nyuma, nikaipeleka tena mpaka alama na mshale vikakutana, nikaizungusha pampu kwenye yale maharage yake mpaka tone likaning'inia hapo hapo.

Mjumbe mmoja akainama. "Bado linadondoka."

"Limesimama," akasema mwingine.

"Mimi naliona linatikisika."

Mwenyekiti akakohoa. "Ndugu wajumbe, wanaoona limesimama wanyooshe mikono."

Nikapandwa na hasira. "Ndugu Mwenyekiti, tone halipigiwi kura! Tazameni kwa macho." Wakashusha mikono, lakini nadhani walishahesabu.

Nikakaza, nikakwaruza alama, dizeli ya kibali iliyofika asubuhi ile ikajazwa, nikatoa upepo kwenye mafuta. Magesa akatolewa ofisini, mjumbe akakaa pembeni yake, wakapeleka pamba Bunda. Wakarudi mchana, na tanki bado lina mafuta yanacheza. Mimi nikakunja mikono nikisubiri Magesa aombwe radhi.

Mwenyekiti akapanda kwenye ngazi ya ofisi. "Ndugu wananchi, mmeona wenyewe. Siku zote mafuta hayatoshi. Tumemkamata, tumemtisha, leo yametosha na kubaki. Je, kuna ushahidi mkubwa kuliko huo?"

Nikapiga kelele, "Yametosha kwa sababu nimepanga taimingi!"

"Fundi, wewe uliitwa uthibitishe lori ni zima. Lori ni zima. Tunakushukuru." Magesa akarudishwa chini ya meza. Na nilimwona mzee Kisiri anainuka kwenye gogo, anamtazama Nyangeta, kisha anatazama njia ya kwao.

Nikamkimbilia. Nikamwambia, "Mzee, nipe kesho." Akakubali kwa shingo upande.

Sikulazimika kubuni kitu. Mwenyekiti mwenyewe alitangaza kwamba kesho lori litaendeshwa na dereva wa trekta la kijiji, lililokuwa limewekwa juu ya mawe kwa kukosa tairi, na yeye Mwenyekiti atakaa ndani, ili kijiji kione dizeli inavyofika mbali ikiwa kwenye mikono safi. Nikamwambia wazo zuri sana. Nikamshauri kitu kimoja tu: tanki lijazwe mbele ya watu, lipigwe kufuli, na ufunguo avae yeye shingoni, ili ushahidi ukamilike. Akafurahi. Akasema mimi nimeanza kuelewa siasa.

"Na azimio la pampu?" nikauliza.

"Azimio liko palepale!"

Basi jioni Chacha akaja na spana zake, akaifungua pampu, akailaza chini ya blanketi. Alfajiri akairudisha. Alama yangu niliyokwaruza ilikuwa inang'aa kabisa, nikamwonyesha kwa kidole. Akanijibu kwamba upande ule spana haiingii vizuri. Nikamwambia, fanya unavyofanyaga.

Waliondoka Mwenyekiti amevaa suti nyeupe, ufunguo kifuani. Moshi uliotoka, jamani, watoto wa shule walikohoa. Tukakaa tukisubiri. Adhuhuri ikapita. Saa ya kurudi ikapita. Jua limeanza kulala ndipo akaja mtu wa baiskeli: lori limeishiwa mafuta wakati wa kurudi, huko mabondeni, wametuma watafute ng'ombe wa kulivuta.

Upande ule wote ng'ombe wenye nguvu walikuwa wa mzee Kisiri. Alikwenda mwenyewe kuwafunga nira, bila haraka, anapiga mluzi. Wakaja jioni ile, ng'ombe mbele, lori nyuma, dereva wa trekta anashika usukani kama anaendesha kweli. Mwenyekiti anatembea pembeni. Ile suti huwezi kujua tena iliwahi kuwa rangi gani.

Watu wote wametoka. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kucheka. Mama mmoja wa kwenye pamba akauliza kwa adabu tu, "Baba, shikamoo. Kufuli lilifunguka?"

"Halikufunguka."

"Ufunguo ulimpa mtu?"

"Sikumpa."

"Sasa dizeli nani kaiuza?"

Mwenyekiti akaushika ule ufunguo kifuani.  Akageuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza akaongea kama mtu wa kawaida. "Fundi. Ni ile pampu?"

"Ni ile pampu, mzee. Haipendi kulala ofisini."

Asubuhi yake nikaipanga tena. Safari hii Mwenyekiti aliinama mwenyewe, pua karibu na kipaipu, akalitazama lile tone mpaka likaning'inia. Hakuitisha kura. Nikakaza, wakaleta dizeli kidogo ya trekta, nikatoa upepo. Pamba imepangwa juu hadi angani. Magesa akafunguliwa, akapewa ufunguo wa lori, akapanda bila kusema asante kwa yeyote. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo tukalisukuma, wanaume kwa wanawake, pamba yote ile juu yake, jasho linatiririka, mpaka likanguruma. Moshi ulikuwa mwembamba, unaona hadi mlima wa ng'ambo.

Hapo Mwenyekiti akasogea mlangoni kwa Magesa, akashika kioo, akasema kitu. Midomo ilicheza. Injini ile ilikuwa na kelele, hata mimi niliyekuwa karibu sikuambulia neno. Kisha akageuka aende zake.

Magesa akavuta waya wa kuzimia. Lori likazima, puu.

Watu wakalalamika, "Aaah, Magesa! Si tumesukuma?"

"Ndugu Mwenyekiti," Magesa akasema kutoka juu, "sijasikia. Na baba mkwe hajasikia."

"Nimesema kamati imebaini kwamba hapakuwa na upotevu—"

"Kamati haikuniita mwizi. Uliniita wewe. Palepale kwenye ngazi."

 Nyangeta alikuwa amesimama mbele ya watu, na mikono yake imefungana tumboni. Mwenyekiti akatazama ngazi ya ofisi, lakini hakuipanda. Akasema akiwa chini hapo hapo, kwa sauti ya kutosha.

"Magesa hakuiba. Mafuta aliyaharibu azimio langu, nikamsingizia yeye."

Magesa akaitikia kwa kichwa, akaweka gia. Hakuna aliyesogea kusukuma, watu wamechoka. Ndipo mzee Kisiri akainuka, akaiegemeza fimbo yake kwenye ukuta, akaenda nyuma ya lori, akaweka viganja viwili kwenye bodi. Kwetu mkwe hamsukumii mkwe lori, haijawahi kuonekana. Magesa akafungua mlango aruke kumzuia.

"Kaa hapo," mzee akamwambia. "Endesha, mwanangu."

Mwenyekiti akaja akaweka mikono pembeni ya mikono ya mzee, na sisi wote tukasukuma.